Chuo Kilichowafukuza Wanawe: Hindu College ya Calcutta na Urithi Wake



Nianze na neno lenyewe. Kwa wazee wetu wa pwani, chuo kilikuwa kitabu kabla hakijawa jengo. Mtoto akipelekwa chuoni, alikuwa anapelekwa kwa mwalimu, akakaa mkekani, akafunguliwa maandishi. Kuta, lango, mlinzi na ada vilikuja baadaye. Naomba mziweke maana hizo mbili karibu, kwa sababu habari niliyowaletea jioni hii ni ya ugomvi kati ya chuo cha kuta na chuo cha kitabu. Mahali ni Calcutta, mji wa Bengal ambao leo unaitwa Kolkata. Chuo chenyewe kilizaliwa kwa jina la Hindu College, kikaitwa Presidency College, na tangu mwaka 2010 ni Presidency University.

Kilifungua milango Jumatatu, tarehe 20 Januari 1817, katika nyumba ya kukodi mtaa wa Garanhata, kikiwa na wanafunzi 20. Vijana hao walikuwa watoto wa nani, na fedha zilitoka wapi? Tangu mwaka 1793 Kampuni ya Mashariki ya India ilikuwa imewapa mamwinyi wa Bengal hati ya kukusanya kodi ya ardhi, huku sehemu ya serikali ikiwa kiwango kisichobadilika. Kilichobaki baada ya kuilipa serikali kilikuwa chao. Fedha hizo za jasho la wakulima zilihamia Calcutta, zikajenga majumba, zikalipia harusi na matambiko, na sehemu yake ikaja kulipia chuo. Mfadhili mmojawapo mkubwa alikuwa Maharaja wa Burdwan, bwana wa mashamba. Nayasema haya mapema ili tusije tukadhani kwamba elimu hiyo ilidondoka kutoka mawinguni.

Walitaka nini? Mara nyingi husemwa kwamba Wahindi waliletewa Kiingereza kwa amri ya Macaulay, Mwingereza mjumbe wa baraza la Gavana Mkuu. Waraka wa Macaulay ni wa Februari 1835. Hindu College kilikuwa kimeutangulia kwa miaka 18, na waliokianzisha ni Wahindu wenyewe, wengi wao watu wa dini na wa mila, wakisaidiwa na Waingereza wachache akiwemo Jaji Mkuu Edward Hyde East. Waliona kwamba mahakama kuu ya mji, bandari na ofisi za Kampuni zinazungumza Kiingereza, na kwamba asiyekijua atabaki nje ya dirisha. Walitaka wana wao waketi ndani. Kuna neno moja linalotuunganisha na mji ule kupita bahari: Wabengali humwita mtu wa kalamu na daftari *kerani*, nasi tukamwita karani. Hindu College, kwa nia ya wengi waliokichangia, kilikuwa cha kutoa makarani wenye adabu, watakaojua hesabu za Mzungu mchana na kurudi jioni kwenye miungu ya baba zao.

Nia hiyo ilianza kufukuza watu hata kabla chuo hakijafunguliwa. Wa kwanza alikuwa Rammohun Roy, mwanazuoni aliyejua Kiajemi, Kiarabu na Kisanskriti, aliyekuwa akipinga hadharani ibada ya masanamu na, baadaye, desturi ya kuwachoma wajane pamoja na maiti za waume zao. Hakuna aliyehimiza elimu mpya kuliko yeye. Lakini mabwana wa mji walimwambia Jaji Mkuu waziwazi kwamba Rammohun akiwa ndani ya kamati, wao hawatoi hata rupia. Rammohun alisikia, akajiondoa kimya ili chuo kipate kuzaliwa. Mkunga akatolewa nje ya chumba cha kujifungulia.

Aliyebaki ndani alikuwa mtu wa ajabu kidogo, fundi saa kutoka Uskoti aitwaye David Hare. Alikuja Calcutta mwaka 1800, akachuma kwa kutengeneza saa, kisha akaikabidhi biashara kwa mwingine na kuupa maisha yake usomeshaji. Mwenyewe hakuwa msomi. Alipita mitaani kwa machela, na watoto wa maskini wakakimbia pembeni wakimlilia awape nafasi katika shule zake. Mmoja wao, Ramtanu Lahiri, alikimbia hivyo siku baada ya siku mpaka akapokelewa. Hebu mwoneni: mtoto mwembamba, miguu mitupu, vumbi la Calcutta, anahema ubavuni mwa machela huku wabebaji hawapunguzi mwendo. Baadaye alisoma Hindu College, akawa mwalimu, na siku moja akauvua uzi mtakatifu wa Kibrahmini uliomtenga na watu wengine. Hare mwenyewe alikufa kwa kipindupindu tarehe 1 Juni 1842. Kwa kuwa hakuonekana kuwa Mkristo wa kutosha kuzikwa na Wakristo, alizikwa katika ardhi ya shule, palipo College Square leo, karibu na watoto aliowafungulia mlango.

Sasa tufike kwa mtu ambaye bila yeye nisingekuwa na mhadhara. Henry Louis Vivian Derozio alizaliwa Calcutta mwaka 1809, baba wa asili ya Kireno, mama Mwingereza. Shule aliiacha akiwa na miaka 14, akafanya ukarani, akaenda Bhagalpur kwenye shamba la nili la mjomba wake, akaandika mashairi. Mwaka 1826, akiwa na miaka 17, Hindu College kikamwajiri kufundisha fasihi ya Kiingereza na historia. Baadhi ya wanafunzi wake walikuwa karibu rika lake.

Alifundisha kwa kuuliza. Kipindi kikiisha, darasa lilimfuata nyumbani, na huko wakaunda chama cha mijadala, Academic Association. Walibishana juu ya majaaliwa na hiari ya binadamu, ibada ya masanamu, wema na ubaya, hali ya wanawake. Derozio aliwasomesha Hume, mwanafalsafa wa mashaka, kisha akawasomesha na waliomjibu Hume. Vijana hao ndio walioitwa Bengal Changa. Mmoja wao, Rasik Krishna Mallick, aliitwa mahakamani, na alipotakiwa kuapa kwa maji ya mto Ganga, alikataa. Jambo dogo kwenu labda. Kwa mji ule ilikuwa kama ardhi imetikisika.

Wazazi wakaanza kuwatoa watoto. Tarehe 23 Aprili 1831 bodi ikakutana, na kikao hicho nawaomba mkitazame kwa makini, maana nitakirudia. Wajumbe waliulizwa maswali mawili. La kwanza: je, kuna sababu ya haki ya kusema mtu huyu hafai kukabidhiwa malezi ya vijana? Wengi walijibu hapana. La pili: je, kwa jinsi watu wa mji wanavyojisikia hivi sasa, inafaa aondolewe? Hapo wengi wakajibu ndiyo. David Hare, pamoja na mwanazuoni wa Kisanskriti Horace Hayman Wilson, walikaa kando katika swali hilo la pili, wakisema hisia za Wahindu ni jambo la Wahindu wenyewe kuliamua. Mtuhumiwa hakuitwa. Alijiuzulu siku mbili baadaye, akalalamika kwamba amehukumiwa bila kuulizwa wala kusikilizwa. Kisha akamwandikia Wilson kujibu uvumi mmoja mmoja: hapana, hakuwafundisha kwamba Mungu hayupo, bali aliwaonyesha hoja za pande zote mbili. Hapana, hakuwafundisha kuwadharau wazazi. Wala hakuwahi kusema kwamba ndugu wa damu waweza kuoana. Mwezi Desemba mwaka huohuo kipindupindu kilimchukua. Alikuwa na miaka 22.

Msifikiri nataka kuwapaka wanafunzi wake rangi ya malaika. Agosti 1831, katika nyumba ya Krishna Mohan Banerjee, wakati mwenyewe hayupo, marafiki zake walikula nyama ya ng'ombe, wakairusha mifupa nyumbani kwa jirani Brahmini huku wakipiga kelele. Krishna Mohan aliporudi alikuta majirani wamefura, na familia ikamtoa nyumbani usiku huo. Aliyeteseka kwa mifupa ile hakuwa aliyeitupa. Ukimwuliza jirani swali, unamheshimu. Ukimtupia mfupa, umeshaamua kwamba hana jibu. Tena, kwa kelele zao zote, vijana hawa walikuwa wachache, wenye fedha, wa mji mmoja, wakibishana kwa lugha ambayo mkulima aliyelipa kodi ya kuwasomesha hakuielewa.

Lakini tazameni walikofika. Radhanath Sikdar, mwanafunzi wa Derozio aliyependa hisabati, aliajiriwa na idara ya upimaji wa ardhi. Miaka ya 1850 ndiye aliyechambua vipimo vya mlima uliokuwa na namba tu, Kilele cha 15, na hesabu zikaonyesha kwamba hakuna mlima mrefu kuliko huo duniani. Futi 29,002 zikatangazwa mwaka 1856. Jina likapewa bosi mstaafu wa idara, George Everest. Kijana wa Hindu College akaachiwa hesabu.

Michael Madhusudan Dutt naye. Alisoma Hindu College akiota kuwa mshairi mkubwa wa Kiingereza na kwenda Uingereza. Februari 1843 alibatizwa, na kwa kuwa chuo kilikuwa cha Wahindu peke yao, akalazimika kukiacha. Alichapisha utenzi wa Kiingereza akiwa Madras mwaka 1849. Ushauri aliorudishiwa, tena na Mwingereza, ni kwamba kipaji chake akipeleke katika lugha yake. Akarudi kwenye Kibengali, na mwaka 1861 akatoa *Meghnad Badh Kavya*. Humo alikichukua kisa cha Ramayana, utenzi mkuu wa kale wa Wahindu, akampa huruma yake mwana wa adui, Meghnad, badala ya shujaa Rama, na akaandika bila vina. Ninyi mliokulia katika ugomvi wetu wa vina na mizani mtaelewa jinsi makelele yalivyokuwa. Mlango wa lugha yake aliuona vizuri baada ya kuzunguka kwa mlango wa wageni.

Mwaka 1853 chuo cha kuta kikapasuka. Alipokelewa mwanafunzi ambaye mama yake, Hira Bulbul, alikuwa kahaba aliyejulikana mjini kote. Mabwana wakaja juu: mtoto huyu akae benchi moja na wanetu? Wengi wakawaondoa watoto wao, wakaanzisha chuo chao kingine. Hicho cha hasira hakikudumu. Serikali, iliyokuwa ikishika mfuko kwa miaka mingi, ikaamua kwamba chuo kinacholipiwa na umma hakiwezi kuwa cha dini moja na tabaka moja. Tarehe 15 Juni 1855 Hindu College kikazaliwa upya kama Presidency College, kikiwa wazi kwa watu wa dini zote. Miaka ya 1890 akahitimu humo Mwislamu kutoka Bengal ya mashariki, A. K. Fazlul Huq, akiwa na heshima katika kemia, hisabati na fizikia kwa pamoja. Ni yeye aliyewasilisha Azimio la Lahore mwaka 1940, lililodai dola za Waislamu katika India. Historia ya vitabuni humsahau mtoto wa Hira Bulbul, na jina lake si rahisi kulikuta. Mimi namhesabu miongoni mwa waanzilishi.

Mwaka 1857 Chuo Kikuu cha Calcutta kilianzishwa, na mwaka uliofuata mmoja wa wahitimu wake wawili wa kwanza wa shahada alikuwa Bankim Chandra Chattopadhyay wa Presidency, aliyekuja kuwa baba wa riwaya ya Kibengali. Lango lilikuwa wazi kwa wanafunzi. Kwa walimu, kulikuwa na lango la pili. Mwaka 1885 Jagadish Chandra Bose alirudi kutoka Cambridge, akaajiriwa kufundisha fizikia. Mhindi alilipwa theluthi mbili ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile, na yeye, kwa kuwa alishika nafasi kwa muda, alipewa nusu ya hizo. Hakugoma kufundisha. Aligoma kupokea. Kwa miaka mitatu aliingia darasani kila siku, na siku ya mshahara akaziacha fedha mezani, huku familia yake ikiwa na madeni. Mwishowe walimthibitisha na kumlipa malimbikizo yote kwa kiwango kamili.

Maabara yake ilikuwa kachumba ka futi za mraba 24, na vifaa alivibuni mwenyewe akisaidiwa na fundi bati. Katika kachumba hako alizalisha mawimbi mafupi ya redio, ya urefu wa milimita chache tu. Katikati ya miaka ya 1890, kwenye ukumbi mkubwa wa mji, aliyapeleka mawimbi hayo kupita kuta, yakalipua baruti na kugonga kengele upande wa pili bila waya. Mwenzake wa kemia, Prafulla Chandra Ray, alifundisha hapo tangu 1889, akaanzisha kiwanda cha dawa ili vijana wawe na kazi nyingine zaidi ya ukarani.

Kutokana na darasa la hao wawili wakatoka Satyendra Nath Bose na Meghnad Saha. Saha alitoka kijijini karibu na Dhaka, mtoto wa mwenye duka dogo, wa tabaka la chini. Presidency ilimpokea kwa alama zake. Bwenini, baadhi ya wenzake walikataa kula naye chumba kimoja. Fikirieni kijana mwenye sahani yake, anaijua hesabu kuliko wote walioketi, anatafuta pa kukaa. Mwaka 1920 alitoa mlinganyo unaoeleza jinsi joto linavyozivua atomu za nyota elektroni zao, na tangu hapo wanaastronomia wakaweza kuusoma mwanga wa nyota kama barua. Bose, mwaka 1924, alimpelekea Einstein makala fupi, na leo chembe za aina nzima zinaitwa bosoni kwa jina lake.

Februari 1916 ikaja zamu ya ngazi. Mwalimu wa historia, Edward Farley Oaten, alidaiwa kuwashika vibaya wanafunzi. Kundi likamvizia ngazini, likampiga kwa kandambili. Tarishi wa chuo akasema amemtambua mmoja wao: Subhas Chandra Bose. Alifukuzwa, na haikujulikana wazi mkono wake ulifanya nini. Mkuu wa chuo, Henry James, naye alisimamishwa na serikali kwa ugomvi uliofuata. Subhas aliendelea na masomo chuo kingine, akafaulu mtihani wa utumishi wa serikali ya India akiwa wa nne, akaikataa kazi hiyo mwaka 1921, akaingia katika mapambano ya uhuru. Oaten alipozeeka, aliandika shairi la kumwomboleza mwanafunzi yule. Mwalimu aliyepigwa ndiye aliyempa heshima ambayo chuo kilimnyima.

Mengine nayapitia haraka. Wanawake walifunguliwa lango kikamilifu miaka ya 1940, zaidi ya karne moja baada ya Bengal Changa kuanza kuwajadili. Mwaka 1931, katika chumba cha idara ya fizikia, Prasanta Mahalanobis alianzisha Taasisi ya Takwimu ya India. Mwaka 1951 akaingia kijana Amartya Sen kusoma uchumi, na baada yake Abhijit Banerjee. Wote wawili walikuja kupata Tuzo ya Nobel, 1998 na 2019. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wengine wa chuo hichohicho waliacha madaftari, wakawafuata waasi wa Kikomunisti wa kijiji cha Naxalbari, wakienda vijijini kwa wale wakulima ambao babu zao walikuwa wamelipa kodi ya ardhi. Wengi hawakurudi. Nao pia ni zao la chuo, wala hatuna ruhusa ya kuchagua wa Nobel tu.

Ukifika leo, mbele ya lango kuna barabara ya College Street, na kando yake vibanda vya vitabu vimebanana, vipya na vya zamani, vya sheria juu ya vya mapenzi. Juu ghorofani, katika ukumbi wa zamani wa Albert Hall, iko Coffee House, ambako wahudumu wenye vilemba huleta kikombe kimoja na wateja hukaa nacho saa tatu wakibishana. Wenyeji watakwambia kwamba nusu ya masomo yao waliyapata huko. Nawaamini, kwa sababu Academic Association ya Derozio nayo ilikuwa nje ya lango. Chuo cha kitabu mara nyingi hukaa ng'ambo ya barabara kutoka chuo cha kuta.

Basi urithi wa Hindu College ni nini? Orodha ya majina makubwa mtaikuta kwenye kuta za ukumbi wowote. Mimi naona urithi wake ni kumbukumbu za kikao cha tarehe 23 Aprili 1831, zenye maswali mawili. Swali la kwanza, je, ana kosa, ni la kitabu. Swali la pili, je, watu watasemaje, ni la kuta. Rammohun, Madhusudan, mtoto wa Hira Bulbul, na Saha aliyenyimwa meza, wote walifaulu swali la kwanza wakaangushwa na la pili. Sidharau kuta: bila fedha za mabwana wale, Ramtanu angeendelea kukimbia nyuma ya machela asifike popote. Chuo lazima kiishi mjini, na mji una hisia zake. Ila wajumbe wale walikuwa na jibu mkononi tayari, wamelipigia kura wenyewe, wameliandika. Walikuwa wamekwisha kusema hana kosa. Kikao kingeweza kufungwa hapo.

Wengi wenu humu ukumbini mnakaa katika bodi, kamati za nidhamu na mabaraza ya shule. Ajenda itafika mezani, na kijana au mwalimu fulani atakuwa nje akisubiri, au hatakuwa ameitwa kabisa. Mkishajibu swali la kwanza, mtazameni mwenyekiti kama anageuza karatasi kutafuta la pili.